Taa ya Njano ya Mwalimu wa Mbagala

Paukwa! Pakawa.

Sungura hayumo leo, wala fisi. Yumo mwalimu mmoja wa Mbagala Rangi Tatu, limo gari lake aina ya Toyota Prius lililotengenezwa Japani mwaka 2007, na kimo kidude cha chuma kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Watu wa hadithi hii nimewaunga mwenyewe, kama wasimulizi wafanyavyo tangu zamani. Vyuma, namba na joto ni vya kweli, na mkipita gereji mnaweza kwenda kuviuliza.

Mwalimu huyo alifundisha Mwananyamala, wilaya ya Kinondoni, na kulala Mbagala, wilaya ya Temeke. Anayeijua Dar es Salaam ameshamwonea huruma. Kila alfajiri ni Barabara ya Kilwa: Zakhem, Mtongani, kwa Azizi Ally, halafu aivuke Kariakoo kabla haijachangamka. Foleni hiyo ndiyo iliyomfanya anunue gari la haibridi, gari lenye injini ya petroli na mota za umeme kwa pamoja. Kwenye foleni injini hujizima, gari likatambaa kwa umeme bila mlio, hata dereva wa bodaboda akageuka na kulikuta ubavuni mwake akashtuka. Barabara ikifunguka, mota huiamsha injini nayo ikanguruma tena. Hakuna aliyegusa ufunguo. Kutoka Mbagala hadi Mwananyamala injini hulala na kuamka mara nyingi kuliko dereva anavyotambua. Shikeni hapo, kwenye kulala na kuamka, maana ndipo shida ilipojificha.

Siku moja taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka kwenye dashibodi ikakataa kuzima. Gari halikugoma wala halikutoa moshi mweusi. Lakini mwalimu alikuwa mtu wa hesabu, mmoja wa wale ambao kila Jumatano ya kwanza ya mwezi husubiri kusikia EWURA wametangaza bei gani ya mafuta. Akaona kuwa pesa ileile ya petroli iliyokuwa ikimfikisha Ijumaa sasa inamwacha njiani Alhamisi.

Akalipeleka kwenye gereji bubu ya jirani, chini ya mwembe. Fundi akafungua boneti, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa, akafunga boneti.

"Mama, hii haibridi. Hapo betri kubwa imekufa. Jiandae, ni mamilioni hayo."

Nisimame kidogo kumtetea yule fundi. Hakuwa tapeli. Alikulia kwenye Corolla na Mark II, na mbele yake palikuwa na gari ambalo betri yake kubwa ina volti zaidi ya 200, umeme wa kuua mtu. Mjini kwetu ukisema haibridi, wa kwanza kushtakiwa ni betri. Ila gari lenyewe lilikuwa limeshajieleza, kama angeuliza. Prius ya kizazi kile ikipata hitilafu kwenye betri kubwa, huwaka pia pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao. Kwenye dashibodi ya mwalimu pembetatu haikuwepo. Ilikuwa ile taa ya njano peke yake.

Mwalimu hakulala vizuri. Jumamosi akaenda Tandika, jirani na Devis Kona, kwa fundi mwingine mwenye mvi aliyekuwa na msaidizi mmoja, binti wa VETA Chang'ombe aliyekuja fildi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kivulini. Gari inasemaje?"

"Wanasema betri."

"Sijauliza watu wanasemaje. Nimeuliza gari."

Binti akachomeka mashine ya kupimia kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Kwanza, kwa kuwa mwalimu alikuwa na hofu, wakatazama betri. Betri ile ina moduli 28, na kompyuta huzipima mbilimbili, yaani jozi 14. Jozi zote zilikuwa na volti zinazokaribiana. Mwalimu akashusha pumzi hata binti akacheka. Kisha ukatokea msimbo uliowasha taa: P0031.

Misimbo hii haikubuniwa na kiwanda kimoja. Marekani iliyalazimisha magari yote mapya kuanzia mwaka 1996 yaeleze maradhi yao kwa mtindo mmoja, na leo binti wa Chang'ombe anasoma msimbo uleule anaousoma fundi wa Chicago. P0031 maana yake saketi ya hita ya sensa ya kwanza, ile ya mbele kwenye ekzosi, ina hitilafu: umeme wake uko chini kuliko inavyotakiwa.

"Basi tununue oksijeni sensa," binti akasema, tayari anafuta mikono.

"Mashine imesema sensa imekufa?"

Binti akasoma tena. "Hapana. Imesema saketi ya hita."

"Saketi hiyo ina nini na nini?"

"Fyuzi. Relei. Nyaya. Soketi. Na hita yenyewe."

"Unao watuhumiwa watano, na wewe umeshamfunga mmoja."

Nampenda sana fundi huyu kwa swali hilo. Sensa nyingi nzima hutupwa jalalani kwa sababu mtu alisoma nusu ya sentensi. Lakini kabla hawajaanza kupima, mwalimu naye akataka kujua hicho kidude ni nini hasa. Mwalimu ni mwalimu. Fundi akakalia tairi, akaeleza, nami nawapa kwa maneno yangu.

Lita moja ya petroli ikiungua vizuri hula hewa kama lita 9,000. Jaza mapipa 45, yale ya lita 200, ndiyo hewa ya lita moja tu. Kwa mizani, ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikipungua, petroli nyingine hutoka nje bila kuungua. Hiyo ni pesa inayopaa pamoja na sumu. Hewa ikizidi, injini inakosa nguvu na inaanza kumisi. Bibi akipika kwa jiko la mkaa hufanya kazi hiyohiyo: huufungua na kuufunga mlango mdogo wa chini huku akitazama rangi ya moto. Kompyuta ya gari haiuoni moto. Inachoweza ni kuuliza kule moshi unakopita: oksijeni imebaki kiasi gani?

Oksijeni sensa ndiyo inayojibu. Kichwani ina kauri iitwayo zirkonia, imepakwa platini. Upande mmoja wa kauri unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa ya nje, ambayo asilimia 21 yake ni oksijeni. Kauri ikipata moto mkali, huiachia oksijeni ipenye ikiwa imebeba chaji ya umeme, na kadiri pande mbili zinavyotofautiana ndivyo volti inavyopanda. Moshi usio na oksijeni huzaa volti karibu 0.9. Moshi wenye oksijeni nyingi huzaa karibu 0.1. Kompyuta inasoma, inaongeza petroli au inapunguza, inasoma tena, mara nyingi kwa dakika.

Kauri ikiwa ya baridi, hakuna jibu lolote. Ile ya kawaida inataka joto la zaidi ya nyuzi 300 ndipo ianze kusema, na ile ya mbele ya Prius inataka zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana mle ndani kuna hita, waya mwembamba wa kuipasha.

Sasa rudini kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Gari la kawaida likishapata moto, ekzosi inabaki ya moto safari nzima, kwa hiyo hata hita ikifa, sensa hujikongoja kwa joto la moshi. Gari la haibridi halina bahati hiyo. Injini inalala kwa Azizi Ally, moshi unakatika, bomba linapoa. Injini inaamka Bendera Tatu, na kompyuta inauliza swali kwa kauri isiyo na hita. Kimya. Ikikosa jibu, inarudi kwenye hesabu ya kukariri iliyowekwa kiwandani, nayo hesabu ya kukariri haipendi kuinyima injini petroli. Gari ambalo lilinunuliwa kwa sababu injini yake inalala sana ndilo linaloumizwa zaidi na kifo cha hita. Hapo ndipo Alhamisi ya mwalimu ilipotoka.

Sensa hii ina historia ndefu kuliko inavyoonekana. Mjerumani Walther Nernst aliandika mwaka 1889 kanuni inayounganisha tofauti ya namna hii na volti. Ikapita karne karibu nzima. Mwaka 1976 kampuni ya Bosch iliweka sensa ya kwanza kwenye magari ya Volvo yaliyokwenda Marekani, ambako California ilikuwa imechoshwa na moshi wa miji yake na kutunga sheria kali. Huku kwetu, miaka hiyo, sensa kama hiyo isingedumu. Petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi huifunika platini mpaka ikafa ganzi. Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dakar, Senegali, wakaazimia kuiondoa, na ilipofika Januari 2006 nchi zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Waliodai hivyo walikuwa wakifikiria vichwa vya watoto, kwa kuwa risasi hudumaza akili. Sensa zilipona kwa mgongo wa watoto hao.

Haya, turudi Tandika. Fyuzi ilikuwa nzima. Relei ikabofya ilivyotakiwa. Binti akachomoa soketi ya sensa, akaweka mita kwenye upande wa gari: volti 12 na ushei. Nyaya basi zimeachiwa huru. Akageukia upande wa sensa, akapima hita yenyewe. Kwenye Toyota nyingi hita ya sensa ya mbele ikiwa ya baridi inatakiwa kusoma omu 2 au 3 hivi. Mita haikusoma kitu. Waya ulikuwa umekatika ndani.

"Sasa mfunge," fundi akasema.

Binti akatumwa Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya spea. Muuzaji akamwekea tatu mezani: mpya ya Denso ndani ya boksi, mpya isiyo na jina, na ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Ya mtumba ilikuwa nafuu, na kwa milango au taa mimi mwenyewe ningechukua mtumba bila kufikiri. Kwa sensa, hapana. Huwezi kuona kwa macho imekula joto la miaka mingapi, wala kama iliwahi kuanguka sakafuni, na kauri ya ndani ikipata ufa nje hubaki inang'aa vilevile.

Binti akachagua ya Denso, akalinganisha soketi, akahesabu nyaya: nne kwa nne. Akataka kulipa. Kisha akakumbuka kumpigia fundi.

"Nisomee namba ya Toyota kwenye boksi."

"89465..."

"Rudisha! Hiyo ya nyuma. Sisi tunataka inayoanzia 89467."

Kosa hilo linawakuta hata wakongwe. Prius ina sensa mbili. Ya mbele inakaa kabla ya masega, na ya nyuma inakaa baada yake. Masega ni lile kopo la ekzosi lenye vitundu vidogo vidogo, lililopakwa platini, paladi na rodi, linalosafisha moshi kabla haujatoka. Sensa ya nyuma ni ile ya kawaida niliyoieleza, kazi yake kuyachunga masega. Ya mbele ni ya aina nyingine: haisemi tu kwamba oksijeni ipo au haipo, inasema imezidi kwa kiasi gani. Zote mbili zina nyaya nne, na kwa sura ni ndugu. Ukizibadilisha nafasi, gari litaumwa ugonjwa ambao hakuna mashine itakayoutaja kwa jina lake.

Na kwa kuwa nimeyataja masega: kuna watu mjini huyakata na kuyauza kwa ajili ya madini yake, wakamwambia mwenye gari kwamba sasa litapumua vizuri. Linalopumua ni mfuko wao. Sensa ya nyuma italalamika kila siku, na wakiletewa lalamiko hilo watakuuzia sensa.

Kazi ya kufunga haikuwa na mengi. Fundi alizima gari kabisa, akamwomba mwalimu akae na ufunguo mbali, kwa sababu haibridi iliyoachwa tayari huonekana imezimwa, na betri ikipungua injini inaweza kujiwasha mikono yako ikiwa ndani. Akatoa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12, iliyo nyuma kwenye buti, akaacha buti wazi. Mlango wa nyuma wa Prius ile hufunguliwa kwa umeme. Ukiufunga betri ikiwa imetolewa, umejifungia nje. Nyaya za chungwa hakuzigusa, wala kazi hii haizihitaji.

Sensa ya mbele imejificha nyuma ya injini, upande wa ukuta unaotenga injini na abiria, mahali ambapo mkono unafika kwa kubembeleza. Wakapulizia mafuta ya kutoa kutu wakangoja, maana hewa ya bahari huuma nyuzi za chuma. Wakatumia soketi namba 22 yenye mpasuko wa kupitisha waya. Mpya ikaingizwa kwa vidole kwanza, mizunguko kadhaa, ndipo spana, ili nyuzi zisiliwe. Gundi ya silikoni hairuhusiwi hapo. Mvuke wake huiua sensa kama risasi ilivyokuwa ikifanya.

Ikabaki kuhakikisha, na hapo haibridi ina ukaidi wake. Unataka injini ingurume mfululizo ili uisome, yenyewe inataka kulala. Prius ya kizazi kile ina siri ya mafundi. Washa umeme wa gari bila kukanyaga breki. Gia ikiwa P, kanyaga mafuta mpaka chini mara mbili. Weka N, mara mbili. Rudisha P, mara mbili. Yote ndani ya sekunde 60. Kisha kanyaga breki, washa, na injini itanguruma bila kulala. Binti alifanya huku midomo ikihesabu.

Injini ikanguruma. Binti akatazama mashine, uso ukabadilika.

"Fundi, hii mpya nayo imekufa."

"Inasemaje?"

"Volti 3.3. Imeganda hapohapo. Darasani tulifundishwa inacheza kati ya 0.1 na 0.9."

Fundi akacheka, lakini si cheko la dharau. "Darasani mlifundishwa ile ya nyuma. Hii ya mbele hewa na petroli vikiwa sawasawa, kwenye mashine ya Toyota husoma 3.3. Hewa ikizidi inapanda, petroli ikizidi inashuka. Kinyume cha mwenzake. Kanyaga mafuta ghafla uone."

Binti akakanyaga. Namba ikashuka, akaachia, ikapanda, ikatulia tena kwenye 3.3. Akakanyaga mara ya pili bila kuambiwa. Akatoa daftari lake la VETA mfukoni, akaandika, akapigia mstari.

Wakafuta msimbo. Mwalimu, aliyekuwa amefurahi kuliko alivyotaka ionekane, akasema, "Fundi, niwekee na ya nyuma mpya kabisa, nisije nikarudi."

"Binti, mwonyeshe ya nyuma."

Sensa ya nyuma ilikuwa ikisoma karibu 0.7, imetulia. Masega yakiwa mazima, moshi unaotoka kwayo haubadiliki badiliki, na sensa inayoyachunga hutulia hivyohivyo.

"Hiyo haiumwi, mwalimu. Hela hiyo kanunue petroli. Na kuna kitu kingine."

Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Kwenye kiti kulikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi, na juu yake furushi la vitenge lililosukumwa mpaka ukutani. Akalivuta. Nyuma yake kulikuwa na tundu la hewa lenye wavu wa plastiki, limejaa vumbi.

"Betri kubwa inavuta hewa ya kupoa hapa. Wewe umeizibia pua halafu unaogopa itakufa. Binti, lete brashi."

"Hayo madaftari sijayasahihisha," mwalimu akasema.

"Yapeleke buti."

"Buti imejaa."

Fundi akamtazama binti, binti akatazama brashi.

"Basi," fundi akasema, "yaweke mbele, uyafunge mkanda."